Fundi wa Oveni Aliyesema Labda

Kabla hajauliza oveni iko wapi, alikuwa anauliza upepo unatokea wapi. Unamfungulia mlango, unamkaribisha, umeshapanga maneno yako yote ya kumweleza shida, yeye anabaki uwanjani, kofia mkononi, uso ameuelekeza ziwani. Halafu anauliza, "Asubuhi unakujaga upande gani? Na mchana?" Wengi wetu tuliozaliwa Musoma tulikuwa hatujawahi kujiuliza. Upepo upo tu. Tulimjibu chochote kilichokuja mdomoni, naye aligundua mara moja, akaenda kuwauliza wanawake wanaoanika dagaa, maana wale hawabahatishi.

Tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi mjini, wa saa, wa baiskeli, wa cherehani, lakini ukisema Fundi bila kuongeza kitu, mtu wa miaka ile alijua unamsema yule wa gesi. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, na sitalitaja. Wala sitasema alizaliwa wapi, kwa sababu hakuwahi kuniambia na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilimjua miaka mingi kwa namna mtu anavyomjua fundi wake: nikimhitaji, naagiza aitwe.

Namwandika kwa sababu mimi ndiye niliyempotezea jina. Nimeona niseme mapema, msomaji asije akanipenda bure.

Nilimwona mara ya kwanza kipindi cha ile hali ngumu, wakati sabuni ilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja mjini, yenye oveni ya gesi iliyobaki tangu zamani. Gesi yenyewe ilikuja kutoka Mwanza ikijisikia, na kila mitungi ilipofika, Fundi aliitwa kuifunga. Siku hiyo akaomba sabuni. Mtunza stoo akadhani anataka kunawa, akamwonyesha majivu.

"Sio ya kunawa," akasema. "Ya bomba."

Akapewa kipande cha vidole viwili, kwa kinyongo. Akakivuruga kwenye kopo la maji mpaka povu likasimama, akachovya unyoya wa kuku, akapaka kila kiungo cha bomba kuanzia kwenye mtungi mpaka nyuma ya oveni. Kisha akainama na kuangalia kiungo kimoja kimoja. Penye tundu, gesi hutoka na povu huvimba. Tulisimama wanawake wanne tukiangalia sabuni ikipakwa kwenye chuma, na roho zikatuuma kwelikweli.

Mimi mdomo wangu haujawahi kufungwa breki. Nikamwambia, "Fundi, hiyo sabuni ingefua nguo za wanangu."

"Wanao wakibakia wazima utawafulia siku nyingine," akajibu, bila kugeuka.

Mtunza stoo akasema kuna njia rahisi, kiberiti tu, unapitisha moto kwenye bomba, penye shida utapaona. Fundi hakubishana naye. Alikusanya spana zake, akatoka nje, akakaa juu ya sanduku lake la vifaa, akasema hafanyi kazi mpaka kile kiberiti kiwe kwenye mfuko wake yeye. Kikapelekwa. Akakishika mpaka jioni, akakirudisha na njiti zote. Na lile povu lililobaki kwenye kopo alitupa sisi, tukafulia aproni.

Watu walimwona mgumu, na kweli alikuwa mgumu. Lakini ugumu wake ulikuwa kwenye mambo machache sana. Mitungi ikae nje, imesimama, kwenye kivuli. Ukutani kuwe na matundu mawili yasiyofungwa, moja chini na moja juu. La chini ni kwa sababu gesi ya mtungi ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni kama maji, kwa hiyo iwe na pa kutokea, na hapohapo ndipo moto unapovutia hewa yake. La juu ni la joto na hewa chafu. Halafu dohani, yaani bomba la bati linalotoa ile hewa iliyoungua, ipite nje na ivuke mgongo wa paa, isiishie chini ya bati kama walivyozoea wavivu. Akimaliza, alikuwa anawasha gunzi la mahindi, analizima, na likiwa bado linafuka analishika chini ya mdomo wa dohani. Moshi ukinyonywa juu, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukirudi ukamgonga usoni, anapanda tena juu ya bati, hata kama mwenye nyumba ameshawaalika watu.

"Hewa mbaya kabisa ni ile haina harufu," alikuwa anasema. "Gesi utaisikia, inanuka. Lakini moto ukikosa hewa unatengenezaga sumu, na hiyo sumu haikupigii hodi."

Mama mmoja wa Butiama alijenga nyumba ya wageni na jiko lenye vigae vyeupe vilivyotoka Nairobi. Fundi alipofika akatoa tindo atoboe ukuta. Yule mama akasimama mbele ya vigae vyake na mikono ameitandaza. Fundi akatoka nje, akakalia sanduku. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu wageni walikuwa njiani, mama akanywea. Niliambiwa na mama mwenyewe, huku anacheka, kwamba Fundi alivitoa vile vigae kimoja kimoja, vizima, akavifuta vumbi, akavifunga kwenye gazeti na kumkabidhi. "Siku ukihamisha oveni," akamwambia, "utavirudishia."

Alitengeneza oveni za mikate na mkate hakula. Ukimpa wa moto, uliotoka sasa hivi, anaushika, anaunusa, anaupindua kuangalia tako lake limeiva vipi, halafu anakurudishia na asante. Chakula chake kilikuwa ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, na alikula peke yake, ameegemea ukuta wa nje. Alivuta sigara vibaya sana, mtu huyohuyo wa kunyang'anya watu viberiti, ila alikuwa anatembea hadi barabarani kuivuta. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Chumba chake alichopanga Nyasho hakikufungwa dirisha, na aliibiwa mara mbili, mara ya pili blanketi. Tukamtania kwamba mwizi ajaye atambeba yeye mwenyewe. Akasema, "Ataona uzito." Ndio utani pekee niliowahi kuusikia kutoka kwake.

Mke hakuonekana, watoto hawakutajwa. Alichokuwa nacho ni zile oveni. Kila baada ya muda alikuwa anatokea, hakuitwa, anasimama mlangoni mwa jiko na kusema, "Nimepita kumsalimia." Mwanzoni nilidhani ananisalimia mimi, nikawa navuta kiti. Alikuwa anasalimia oveni. Anachungulia moto kama bado ni wa bluu, anagusa dohani, anaangalia matundu, anauliza kama mlango unafunga vizuri. Dakika kumi, kumi na tano. Halafu anakwenda kwa nyingine. Alikuwa na moja hotelini, na moja kwa yule mama wa Butiama, na Bunda sehemu mbili. Mtu mwingine Jumapili huenda kwa dada yake au kwa shemeji. Yeye alikwenda kwa oveni zake, na kwa kuwa oveni ziko kwa watu, alikuwa anaambulia salamu za watu pia. Haya nimeyaelewa baadaye sana, nilipokuwa nimeshayaharibu.

Ilipokuja ruksa ya biashara, maduka yakajaa. Unga ukawa haudai kibali tena, nikaacha hoteli, nikafungua tanuri langu la mikate karibu na Mwigobero. Oveni niliipata kwa mfanyabiashara aliyeleta vitu vilivyotumika kutoka Nairobi kupitia Sirari, ya madaraja matatu, imepauka rangi lakini nzima. Nikaagiza Fundi aitwe. Aliifanyia kazi siku sita. Alipomaliza aliwasha mwenyewe, maana alishikilia kwamba fundi ndiye anayewasha wa kwanza, akakaa humo hadi mkate wa kwanza ukatoka. Nilimwona anaufuta mlango wa oveni kwa mkono wa shati. Mwaka mzima nilipika bila tatizo, naye kila mwezi akapita kumsalimia.

Tatizo langu lilikuwa wadudu. Waliokaa kando ya ziwa letu wanawajua: vile vidudu vidogo vinavyoinuka majini kama wingu, upepo ukivileta mjini vinaingia puani, kwenye chai, kwenye taa. Fundi alikuwa ameweka wavu wa chuma kwenye matundu, lakini vidudu vilipita. Wavu wa vitundu vidogo zaidi alikataa, alisema utazibwa na unga ndani ya wiki. Mkate wangu ukaanza kuwa na vidoa vyeusi. Wateja wakaanza kuniuliza, kwa upole wenye sumu, kama siku hizi natia iliki.

Ikafika wiki ya kipaimara, oda ya parokia nzima. Asubuhi ya Jumamosi wingu likaja. Nikachukua gunia tupu la unga, nikaziba tundu la chini. Nikachukua boksi, nikaziba la juu. Nikafunga mlango. Nilifanya hayo kabla Nyangeta hajafika. Nyangeta alikuwa mkandaji wangu wa unga, mama wa makamo, mcheshi, mwenye mikono ya mwanamume. Magunia ya unga yalikuwa yamepangwa ukutani siku zote, asingeweza kuona moja zaidi. Akaingia, akarudishia mlango, akaanza kazi, mimi nikawa chumba cha mbele, dirishani, nauza.

Nilimsikia anacheka peke yake. Baadaye akasema kichwa kinamgonga. Halafu kimya. Nilipofungua mlango alikuwa amelala kando ya beseni la kukandia, macho wazi. Nilimvuta kwa makwapa, mpita njia akashika miguu, tukamtoa uani. Alitapika, akapumua, lakini mpaka saa nane mchana alikuwa hajui jina lake. Alipona. Mwisho wa mwezi alirudi kwao Murangi, na hadi leo, nasikia, hakai chumba chenye moto.

Watu walipomzunguka uani, mimi nilirudi ndani. Nikachomoa gunia, nikalikunja, nikaliweka na mengine. Nikachana boksi. Hakuna aliyenituma, na sikufikiri hata kidogo. Niliogopa kufungiwa, niliogopa kurudi kwenye foleni za zamani, niliwaona wanangu hawana ada. Sitafuti huruma. Nasema tu niliogopa nini.

Bwana afya alikuja, akaandika. Halafu akaja Fundi. Siku tatu alikuwa juu ya bati na chini ya oveni. Alipima dohani, akaifungua kipande kipande kutafuta kiota cha ndege, hakukuta. Alipaka sabuni kila kiungo. Alishika gunzi, moshi ukapanda vizuri. Akawasha, moto ukawa wa bluu, safi. Siku ya tatu akashuka, amekonda ghafla, akasimama mbele yangu.

"Mama Neema, haya matundu siku ile yalikuwa wazi?"

"Yalikuwa wazi, Fundi."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Angenitazama mara mbili, angeona. Lakini hakuwa mtu wa kumtazama mtu, alikuwa mtu wa kutazama moto. Akamgeukia bwana afya, na majirani wakiwa wamejaa mlangoni, akasema, "Basi mimi sioni shida iko wapi. Labda nimekosea. Labda hesabu ya dohani."

Fundi mwingine angesema oveni ni mbovu, angemsingizia mwenye oveni, aliyeileta kutoka Nairobi, au upepo. Yeye alishindwa kuona kosa, akahesabu kwamba kosa ni lake. Kufika jioni mji mzima ulikuwa unasema Fundi mwenyewe amekiri.

Hakuna aliyemfukuza. Watu waliacha tu kumwita. Na kwa kuwa ruksa ilileta vijana wengi wenye spana moja na maneno matamu, ambao hawatoboi ukuta wala hawaulizi upepo, hakuna aliyepungukiwa. Alijaribu kupita kuzisalimia oveni zake. Hotelini waliambiwa wasimruhusu jikoni. Butiama yule mama alimpokea kwa chai sebuleni, akamwambia jiko linafanyiwa usafi. Kwangu alikuja mara moja. Nilimwona kupitia dirisha amesimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Nikajifanya nahesabu mikate. Nilipoinua kichwa alikuwa ameondoka, na baada ya hapo sikumwona mjini. Nilishusha pumzi. Ndiyo, nilishukuru Mungu kwamba ameondoka.

Miaka ikapita. Nilihamia Bunda, Manyamanyama, tanuri kubwa zaidi. Siku moja baada ya ibada, mama anayeuza dagaa kutoka Bukima alikuwa anahadithia kuhusu mzee mmoja huko kwao, anatengeneza karabai za wavuvi, mtaalamu, lakini ana vituko: taa akishamaliza haiwashi. Anakukabidhi, anasogea mbali, uwashe mwenyewe. "Anasemaga hauamini mkono wake," akasema, na wote wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Alhamisi nikapanda gari la Bukima.

Nilimkuta amekaa nje ya chumba cha udongo, mbele yake karabai tatu zimefunguliwa tumbo. Amezeeka vibaya. Mlango wa chumba wazi, dirisha wazi, ndani kitanda kimoja na ndoo. Jiko lake lilikuwa mafiga matatu mbali kabisa na nyumba, kwenye jua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanitazama kidogo. "Mama Neema. Oveni inaendeleaje?"

Nilikuwa nimepanga maneno kuanzia Bunda, yote yakakimbia. Nikasema nikiwa nimesimama, mkoba begani: "Fundi, matundu yalikuwa yamezibwa. Niliziba mimi. La chini kwa gunia, la juu kwa boksi, kwa sababu ya wadudu. Nikachomoa kabla hujafika."

Aliweka chini kifuniko cha taa alichokuwa nacho.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Na mlango."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, Fundi."

"Mimi hiyo dohani nimeijenga kichwani kila siku," akasema. Nilijua ana hasira, sikumlaumu. "Kila siku, Mama Neema. Naipima upya, natafuta nilipokosea. Mke wa mtu karibu afe mkononi mwangu. Nilikuwa siwezagi hata kumwashia mtu taa. Sema tena."

Nikasema mara ya tatu, nalia sasa. Hakuniambia ninyamaze. Aliinuka, akamwita jirani yake, mama mmoja aliyekuwa anamenya muhogo ng'ambo ya ua wa minyaa. "Mama Masatu, hebu njoo usikie huyu." Mama akaja na kisu chake. Fundi akanielekezea mkono, nikasema mara ya nne, mbele ya mtu ambaye hajawahi kuona oveni.

"Oveni ni nini?" akauliza.

Fundi akamweleza, taratibu, jiko la mikate, moto, hewa, matundu, dohani. Akamaliza, "Kwa hiyo dohani yangu ilikuwa sawa."

"Haya, vizuri," Mama Masatu akasema, akarudi kwenye muhogo wake.

Fundi hakuniambia amenisamehe na hakunikaribisha kukaa. Aliniambia gari la mwisho linapita saa tisa. Nilitembea mpaka kituoni, na njia nzima nilijiahidi kwamba nitakwenda Musoma, nitasema hotelini, nitasema Butiama, nitasimama kanisani. Nikafika Bunda, kulikuwa na unga wa kupokea. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa karibu mwaka.

Habari ya kifo chake nilipata kwa yule mama wa dagaa. Nilikwenda Bukima kuzika. Watu wachache, wavuvi wengi wao, na wanaume wawili wa Musoma niliowatambua, nikajibanza nyuma ya wanawake na khanga kichwani. Wakati kaburi linafukiwa mmoja wao akamwambia mwenzake, si kwa ubaya, "Ndiye yule aliyekosea dohani, karibu aue mtu."

"Hakukosea," Mama Masatu akasema kwa sauti. Wote wakageuka. "Ilikuwa sawa. Mwenye oveni alikuja hapa mwenyewe akasema, na mimi nilikuwepo." Akazungusha macho kwenye kundi, akanipata. "Si yule pale? Mama, waambie."

Majembe yakasimama. Nikashusha khanga mabegani, nikasema mara ya tano, gunia, boksi, mlango, mpaka mwisho, na safari hii hakuwepo wa kuniambia niseme tena.